Siku ya kwanza ya kamyo tatu za zamani kwenye njia ya Ituri

Saa kumi na moja alfajiri, giza likiwa bado zito juu ya komini ya Kabondo, kamyo tatu zilikuwa zimepangwa mstari mmoja kando ya njia. Zote ni Mercedes 911, zile za pua ndefu ambazo kila mtu wa Kisangani anazijua kwa mlio kabla ya kuziona. Ukijumlisha umri wao, zinakaribia miaka 150. Hakuna hata moja iliyobaki na rangi yake ya kwanza, na mlango wa ile ya mwisho umefungwa kwa kamba ya mpira.

Kamyo ya mbele imeandikwa juu ya kioo "Nzambe Malamu". Ya pili imeandikwa "Polepole". Ya tatu haikuandikwa kitu, lakini akina mama wa sokoni wanaiita Yatima, kwa sababu aliyeinunua alifariki na watoto wake wakaiacha mikononi mwa dereva. Dereva huyo ni kijana, mtoto wa dada yake na mwenye Nzambe Malamu, mzee wa zaidi ya miaka 60 ambaye kila mtu anamwita Papa Shofa.

Ndugu wasomaji, kuna nchi ambako gari la umri huu linafunikwa kwa shuka na kutolewa nje siku ya jua tu. Huko Kenya, tangu mwaka 2003, kuna mashindano ya magari ya zamani ya Safari, yaliyoanzishwa miaka 50 baada ya yale mashindano ya kwanza ya 1953. Watu wenye pesa wanatoka Ulaya na magari yao ndani ya meli, wanayapitisha kwenye vumbi na matope kwa furaha, na nyuma yao wanafuata mafundi na gari la vipuri. Hakuna ubaya. Hapa Kisangani pia magari ya zamani yanasafiri kwa kundi, ila hakuna anayelipa ili apate furaha hiyo. Zinasafiri kwa sababu ndizo zilizopo, na zinasafiri tatu kwa sababu moja ikizama, mbili zinaivuta.

Mzigo wa siku hiyo ulikuwa chumvi, sabuni, saruji, sukari, nguo za mitumba na kreti za bia. Wakati wa kurudi zitabeba mchele, mafuta ya ngazi na ndizi za lituma. Juu ya mzigo walipanda abiria, pengine 30 kwa zote tatu, kila mmoja akitafuta gunia laini la kukalia. Kati yao alikuwepo mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa amepigiwa simu usiku kwamba mama yake amefariki Bafwasende, na mazishi ni kesho yake saa tisa alasiri. Alipakia gunia la sukari, katoni ya majani ya chai na ndoo ya mafuta kwa ajili ya matanga. Kitu kimoja hakukikubali kipandishwe juu: kitenge kipya, kilichokunjwa ndani ya mfuko mweusi, ambacho mama yake angevikwa. Hicho alikishika mkononi.

"Papa, tutafika kesho mbele ya saa sita?" aliuliza.

Papa Shofa hakujibu haraka. Kutoka Kisangani hadi Bafwasende ni kilometa kama 260. "Njia ikiwa nzuri, mama, tunafika," alisema. Kila aliyekuwa pale alijua maana ya neno "ikiwa".

Kuwasha kamyo hizo ni kazi peke yake. Nzambe Malamu iliwaka mara ya pili. Polepole ilisukumwa na watu kumi hadi ikakohoa. Yatima ilikataa. Kijana alilala chini yake na tochi ya simu, akakaza mpira wa mazutu, akapiga pampu ya mkono mpaka hewa ikatoka, na tangi lililokuwa linavuja akalipaka sabuni kavu, ile ile iliyokuwa inapelekwa kuuzwa. Saa kumi na mbili na nusu msafara uliondoka, ukiacha moshi mweusi juu ya watoto waliokuwa wanakwenda shule.

Kilometa za kwanza ni za raha. Manseba wanapita na pikipiki zao, wauza mikate wanakimbia kando. Kwenye kilometa ya 17, karibu na uwanja wa ndege wa Bangboka, jua lilikuwa limeshatoka na abiria walikuwa wanaimba. Baada ya hapo mji unaisha. Msitu unasogea pande zote mbili, na njia inakuwa nyekundu.

Shimo la kwanza lilichukua dakika 40. Wasaidizi waliruka chini na makoleo, wakachimba mbele ya magurudumu, wakaweka mbao walizobeba ubavuni, na Nzambe Malamu ikapita ikiinama kama mtu aliyebeba kitanda kwenye mlango mwembamba. Polepole nayo ikapita. Yatima ilikwama katikati, ikavutwa kwa waya. Shimo la pili halikuwa na shida. La tatu lilivunja bamba moja la springi, nalo likafungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, kazi ambayo Papa Shofa aliifanya mwenyewe huku akiwaeleza vijana kwamba mpira unafungwa ukiwa umevutwa, si ukiwa umelala.

Saa tano na nusu mvua ilinyesha. Kisangani na mazingira yake hupata mvua karibu mwezi kwa mwezi, hata katika miezi inayoitwa mikavu, na hakuna anayeshangaa. Abiria walivuta turubai juu ya vichwa vyao. Saa saba kasoro, kwenye kilometa ya 60 na kidogo, msafara ulikuta mti umelazwa kukatisha njia, na kando yake kibanda cha majani chenye wanaume wawili na jembe.

Hiyo ndiyo bariera ya mvua. Kwa msomaji asiyesafiri, kanuni yake ni rahisi: mvua ikinyesha, magari mazito yanasimama mpaka maji yaondoke na udongo ukaze. Pikipiki na baiskeli zinapita. Kamyo moja ya tani nyingi ikipita kwenye udongo laini inaacha mifereji miwili, mvua ya kesho inaijaza, na baada ya wiki pale pana ziwa. Wanaolinda bariera ni watu wa kijiji walio katika kamati ya kutunza njia. Wao ndio wanaofyeka majani, wanazibua mitaro na kuziba mashimo kwa jembe na toroli. Ipo mahali ambapo bariera imegeuzwa kuwa mlango wa kutafuta pesa, na wasafiri wana haki ya kulalamika. Hii haikuwa hivyo. Mzee wa kamati alisema tu: "Njia iko na maji. Mtapita kesho asubuhi, kama mvua hairudi."

Kesho asubuhi. Wote waligeuka kumtazama mama mwenye mtoto.

Yule mpwa ndiye aliyeanza. Alimvuta mjomba wake pembeni, lakini sauti yake ilisikika. Alisema kuna mtu amefiwa. Alisema kamati ni watu wawili tu na jembe, na kamyo ni tatu. Alisema wakitoa katoni moja ya sabuni, mti ule utaondoka. "Mjomba, gari la tajiri likifika hapa unafikiri litalala?"

Papa Shofa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hapana.

Wasiomjua walifikiri anaogopa kuzama. Wanaomjua wanajua kwamba alizaliwa kwenye njia hii hii, mtoto wa kantonye. Zamani kila kantonye alikuwa na kipande chake cha njia, na mtaro ukiziba, jina lake ndilo lililotajwa. Baba yake alikuwa anaamka usiku wa mvua kwenda kutazama kipande chake. Mtoto aliyekuwa anamshikia taa ndiye huyu mzee wa leo.

Kuhusu njia za nchi hii kuna habari moja ambayo vijana wengi wa Kisangani hawaijui, na saa za kusubiri kwenye bariera zinatosha kuisimulia.

Tarehe 28 Oktoba 1924, magari 8 yaliondoka Colomb-Béchar, kusini mwa Algeria, pembeni ya jangwa. Yalikuwa ya kampuni ya Citroën ya Ufaransa. Mbele yalikuwa na magurudumu ya kawaida, nyuma yalikuwa na mikanda ya mpira inayozunguka, kazi ya Adolphe Kégresse, Mfaransa aliyewahi kuhudumia magari ya Tsar Nicholas II wa Urusi. Wakuu wa safari walikuwa Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Kila gari lilikuwa na alama yake na jina lake, kama kamyo zetu. La Haardt liliitwa Mbawakawa wa Dhahabu, la mwenzake Hilali ya Fedha. Kulikuwa na Tembo mwenye Mnara, Jua Linalotembea, Njiwa, na moja liliitwa Konokono mwenye Mabawa. Aliyelipa jina hilo la mwisho bila shaka alishawahi kusukuma gari.

Walivuka jangwa, wakapita Niger na Chad, wakashuka Oubangui-Chari, wakaingia Kongo ya Wabelgiji, na mwaka 1925 wakafika hapa, Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa hadi 1966. Kutoka huku kwetu walielekea mashariki hadi Kampala. Huko waligawanyika makundi manne: moja Mombasa, moja Dar es Salaam, moja Msumbiji, moja hadi Cape. Juni 1925 safari ilifika Tananarive, kisiwani Madagascar. Mchoraji wao Alexandre Iacovleff aliwachora watu wengi wa Kongo, wakiwemo Wamangbetu wa Uele, na mwaka 1926 Léon Poirier alitoa filamu ya safari hiyo. Waliorudi walipokewa kama mashujaa, na majina ya magari yao yanaandikwa vitabuni hadi leo.

Lakini gari la mikanda halipiti msituni kwa sababu lina mikanda. Linapita kwa sababu mtu amekata mti, amelaza magogo juu ya mto, amechimba udongo na kuubeba kwa kikapu, na kwa sababu mafuta yametangulia mbele na kuwekwa akiba. Magari yale yalitangulizwa na misafara ya kuweka mafuta na vipuri njiani. Na njia za magari za Kongo ya Wabelgiji, kwa sehemu kubwa, zilichimbwa na wanavijiji kwa kazi ya lazima. Vijiji vilitolewa ndani ya msitu vikapangwa kando ya njia, nyumba baada ya nyumba, ili mkoloni awapate watu kwa urahisi, wa kodi na wa jembe. Ukitazama dirishani mwa kamyo leo, bado vimepangwa vile vile. Mbawakawa wa Dhahabu ana jina. Aliyekata mti ili apite hana, na kitabu chochote cha safari ile hakitakupa.

Njia hii ilikufa mara moja. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003 msitu uliichukua, madaraja yakaoza, na chumvi ya Kisangani ililetwa na vijana waliosukuma baiskeli kwa siku nyingi wakiwa na mzigo wa kumzidi mtu. Papa Shofa mwenyewe aliweka kamyo yake juu ya magogo nyuma ya nyumba, akatoa magurudumu, akawa mkulima. Njia ilipotengenezwa tena mwishoni mwa miaka ya 2000, na kamati za vijiji zikapewa makoleo na toroli, ndipo aliposhusha Nzambe Malamu chini. Kwa hiyo mpwa wake alipoitaja katoni ya sabuni, alikuwa anazungumza na mtu anayejua jinsi kilometa 260 zinavyofungwa, shimo baada ya shimo, bila mtu hata mmoja kusema kwamba ameifunga yeye.

Hata hivyo mama yule alikuwa na haki ya kulia, na alilia. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye mzizi wa mti, mtoto akinyonya, mfuko mweusi magotini.

Ni vigumu kusema nani alikuwa na haki zaidi. Njia ni ya maelfu ya watu, lakini mama mzazi ni mmoja, naye anazikwa siku moja tu. Abiria waligawanyika. Mzee mmoja mwuza mchele alisema sheria ni sheria. Mama mmoja wa Mangobo alimjibu kwamba sheria haijawahi kufiwa. Mpwa alikwenda kukaa ndani ya Yatima, akafunga mlango kwa ile kamba yake, akakataa kula.

Saa nane na nusu alitokea manseba kutoka upande wa Kisangani, pikipiki imejaa matope hadi kwenye taa. Alikuwa anakwenda Bafwaboli tu. Papa Shofa alimsimamisha. Kufika Bafwasende alitaka franka elfu 150. Walivutana, akashuka hadi elfu 120. Papa Shofa alitoa mfukoni elfu 40, nauli yote ambayo mama yule alilipa asubuhi, akamrudishia mbele ya watu, ingawa kilometa 60 alishabebwa. Abiria walichanga elfu 35. Mzee wa sheria alitoa elfu 10 kati ya hizo. Zilizobaki mama alizitoa kwenye fundo la kanga yake.

Mzigo wa matanga haukuweza kupanda pikipiki. Papa Shofa alichukua karatasi ya daftari, akaandika: gunia 1 la sukari, katoni 1 ya majani ya chai, ndoo 1 ya mafuta. Akatia sahihi, akamwomba mzee wa kamati naye atie sahihi kama shahidi. Mama aliikunja karatasi, akaitia pamoja na kitenge ndani ya mfuko. Mtoto alifungwa vizuri katikati yake na manseba, turubai dogo likawekwa juu ya kichwa chake.

"Mama, ukifika watumie watu wa kwenu barabarani," alisema Papa Shofa. "Sisi tutauliza matanga yako wapi. Tutafika hapo hapo."

Mti uliinuliwa kidogo, pikipiki ikapita chini yake. Kilometa 200 za matope zilikuwa mbele yao, na sehemu ya hizo ni za usiku.

Jioni abiria waliwasha moto. Kijiji kilileta lituma na samaki wa moshi, wengine wakanunua, wengine wakapewa. Watu wa kamati walikula pamoja na madereva, na mazungumzo yakageukia bei ya mazutu na wapi springi zinapatikana. Mpwa alitoka kwenye Yatima saa mbili usiku. Hakusema kitu kwa mjomba wake. Alichukua koleo, akaenda na kijana mmoja wa kijiji mbele ya bariera, na kwa mwanga wa simu wakaanza kuufungulia njia maji yaliyosimama upande wa kushoto. Mjomba wake alimwona, naye hakusema kitu.

Mvua haikurudi. Saa moja na nusu asubuhi mzee wa kamati alitembea mita kama 100 mbele, akakanyaga udongo kwa kisigino, akarudi na kusema wangoje saa moja nyingine. Simu hapo hazishiki, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na habari za mama yule na mtoto wake. Mti ulitolewa saa mbili na nusu. Nzambe Malamu iliwaka mara moja, Polepole ilisukumwa, na Yatima, kama kawaida, ilikataa. Kijana akalala chini yake tena na kipande cha sabuni, huku kwenye kamyo ya mbele msaidizi akipanda juu kuhakikisha gunia la sukari halijalowa.